Bibi Titi Mohamed na Ngoma ya Bomba: Uimbaji na Usemaji wa Wanawake wa Kariakoo

Mtu atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda Kariakoo huvuka barabara iitwayo Bibi Titi Mohamed, ipitayo kando ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Zamani barabara hiyo iliitwa kwa jina la UWT, chama cha umoja wa wanawake, ambacho mwanamke huyo alikuwa kiongozi wake wa kwanza. Jina la chama likaondoka, likawekwa la mtu. Wapita njia wakiulizwa Bibi Titi alikuwa nani, wengi hujibu kwamba alipigania uhuru. Na jawabu hilo ni sahihi. Lakini kabla hajasimama katika majukwaa ya TANU alikuwa mwimbaji, tena kiongozi wa waimbaji, katika ngoma ya wanawake iliyoitwa Bomba. Na wanawake wa mjini waliomfuata kwanza katika siasa walikwisha kuijua sauti yake kabla ya kuyajua maneno ya siasa.

Vitabu vya historia huitaja habari hiyo ya ngoma kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ngoma ilikuwa ngazi ambayo mtu akiisha kuipanda huiacha nyuma. Maoni ya namna hiyo yanapoteza jambo kubwa, na hasara yake inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanahistoria. Ngoma za wanawake wa Dar es Salaam zilikuwa sanaa ya maneno yenye kanuni zake. Mtu aliyekuwa hodari katika sanaa hiyo alikuwa amekwisha jifunza mambo ambayo mhutubu mwingine huyatafuta kwa taabu: kupima hadhira, kugawa maneno kati ya mmoja na wengi, kusema kwa fumbo lisilomponyoka asikiaye, na kuwaweka pamoja watu wa asili mbalimbali kwa lugha moja. Bibi Titi hakuiacha sanaa yake alipoingia katika siasa. Aliihamisha.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926, katika jamaa ya Kiislamu yenye asili ya upande wa Rufiji. Elimu yake ya shule haikupita darasa la nne, na hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwani wazazi wengi wa pwani waliziogopa shule za serikali na za misheni kwa ajili ya dini ya watoto wao, hasa watoto wa kike. Aliolewa akali kijana, akaachika, akaolewa tena. Mumewe wa baadaye, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi. Kwa kipimo cha ofisi za wakati ule hakuwa na sifa yoyote ya uongozi. Kwa kipimo cha mtaa alikuwa nayo moja iliyotosha: aliweza kuimbisha.

Ili sifa hiyo ieleweke, yafaa kuutazama kidogo mji wenyewe. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Kiingereza katika vita vya kwanza vya dunia, ambao walikaa katika jengo la soko lililoachwa na Wadachi. Baada ya vita mahali pale pakawa soko kweli, na mitaa iliyopangwa kuzunguka soko ikawa makao makubwa ya Waafrika wa mji, ikitengwa na maduka ya Wahindi kwa uwanja ule ule wa Mnazi Mmoja. (Jengo la soko lililojulikana baadaye, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, nalo liliungua moto Julai 2021.) Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliupa mji wote watu karibu 69,000, ile ya mwaka 1957 iliwakuta wamezidi 128,000. Walikuwamo Wazaramo, Wandengereko, Warufiji, Wamatumbi, Wayao, Wangoni, Wanyamwezi, Wamanyema, Wangazija na wengineo. Nyumba zilikuwa za vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, ukumbi katikati na ua nyuma. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Wapangaji wa asili nne au tano walipika katika ua mmoja, wakateka maji pamoja, wakagombana pamoja, na lugha ya ugomvi na ya upatanisho ilikuwa Kiswahili.

Ni katika nyua hizo ambamo vyama vya ngoma vilistawi. Neno ngoma lenyewe linahitaji maelezo, maana kamusi hulitaja kama chombo cha kupigwa, tena kama mchezo unaochezwa kwa chombo hicho, zikaishia hapo. Kwa wakazi wa Kariakoo lilikuwa na maana ya tatu, nayo ndiyo iliyokuwa na nguvu: ngoma ni watu. Mtu akisema kwamba yumo katika ngoma fulani hakukusudia kwamba anacheza wakati huo. Alikusudia kwamba ni mwanachama, analipa ada yake, atavaa kanga za sare siku ya sherehe, atazikwa na wenziwe akifa, na atawazomea wapinzani ikibidi. Vyama hivi vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na mara nyingi vyeo hivyo viliigwa kutoka serikalini na jeshini. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani. Terence Ranger ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi ngoma ya beni ilivyoenea Afrika Mashariki yote, na jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana katika miji ya pwani na ya bara. Wanawake nao walikuwa na lelemama, ambayo huchezwa kwa kujipanga mstari na kutembeza mikono na vichwa kwa upole, huku ukali wote ukiwa katika maneno. Taarabu ilikuwa na upinzani wake, kwani Dar es Salaam iligawanyika kati ya Egyptian Musical Club na Al-Watan, na mtu hakuweza kuzipenda zote mbili kwa moyo mmoja.

Bomba ilikuwa moja katika ngoma hizo za wanawake. Jina lisimpotoshe msomaji. Katika Kiswahili cha vijana wa siku hizi bomba ni sifa ya kitu kizuri, na ni rahisi kudhani kwamba waanzilishi wa ngoma walikusudia hivyo. Maana hiyo ya mitaani haifai kurudishwa nyuma miaka sabini bila ushahidi. Vyama vya ngoma vilichukua majina kutoka popote palipokuwa na kishindo: vyombo vya baharini, majeshi, miji ya mbali, mitambo mipya. Bomba kama chombo cha kusukuma maji au moshi ni jina la kutosha katika orodha ya namna hiyo.

Kazi ya Bibi Titi katika Bomba ilikuwa kuongoza uimbaji. Nyimbo za aina hii hazikuwa na urefu uliokatwa mapema. Mwimbishaji hutoa kipande kifupi, wenzake wakakipokea kwa kiitikio. Akarudia, akabadili neno moja, wakapokea tena. Kiitikio hakibadiliki, nacho ndicho kiutiacho wimbo nguvu. Lakini mwenye kuamua ni lini wimbo uendelee, ni lini upandishwe, ni jina gani liingizwe na ni nani aguswe kwa kijembe, ni mwimbishaji. Lazima asikie pumzi za waitikiaji. Wakichelewa kidogo hujua kwamba wamechoka au hawakuelewa, akarudi nyuma. Wakimwahi hujua kwamba neno limewachoma, akalishikilia. Ustadi huu hauonekani katika maandishi, kwa sababu mwandishi anayenakili wimbo huandika kiitikio mara moja na kuweka alama ya kurudia. Kilichorudiwa mara kumi kwa namna kumi kikawa kitu kimoja katika karatasi. Ndiyo maana nyimbo za ngoma huonekana nyepesi kwa mtu azisomaye, hasa akizilinganisha na tenzi, ambazo zilitungwa zisomwe au zighanwe na mtu mmoja huku wengine wakinyamaza. Kipimo cha utenzi hakifai kupimia ngoma.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na makao yake yalikuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Chama hicho kilikuwa na shida moja ambayo haikuhusu hoja zake. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na wengi wa watu waliosoma walikuwa watumishi wa serikali. Chama kiliwahitaji watu wasiokuwa na mshahara wa kupoteza: wachuuzi, madereva, wavuvi, wenye nyumba, wapika pombe na wauza maandazi. Katika mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipozuru Dar es Salaam, aliuliza habari za wanawake katika TANU, na swali lake liliwaharakisha viongozi kuunda idara ya wanawake. Mwezi wa Julai mwaka huo Bibi Titi akawekwa kuwa kiongozi wake, na Tatu binti Mzee akawa msaidizi wake.

Hatua iliyofuata ndiyo inayostahili kukaziwa macho. Bibi Titi hakuanza kwa kupita nyumba kwa nyumba akieleza katiba ya chama. Aliwaendea viongozi wa ngoma. Kila kiongozi alikuwa na watu wake, na njia ya kuwaita ilikuwa tayari, kama vile ilivyotumika kuwaita kwa harusi, kwa maulidi au kwa msiba. Kwa muda wa miezi michache wanawake waliochukua kadi walikuwa maelfu, na yasemwa kwa haki kwamba katika mji wa Dar es Salaam wanawake waliutangulia umati wa wanaume. Wanahistoria wameueleza utaratibu huo vizuri. Lililobaki bila kuelezwa ni kwamba pamoja na utaratibu ulihamishwa pia usemi. Mkutano wa Mnazi Mmoja au wa Jangwani ulikuwa na mtu mmoja anayetoa na wengi wanaopokea. Neno uhuru lilitolewa jukwaani, likarudishwa na umati. Wasomi walioandika kwa Kiingereza wameliita neno hilo mwito wa siasa, kama miito ya vyama vya Ulaya. Kwa mwanamke aliyetoka katika lelemama lilikuwa kiitikio, na alijua la kufanya nalo: halihitaji kufafanuliwa kila mara, lahitaji kupokewa kwa wakati wake.

Kulikuwa na faida nyingine, nayo ni ya fumbo. Ngoma za wanawake zilizoea kumsema mtu bila kumtaja. Aliyekusudiwa alijua, jirani zake walijua, na akikasirika hadharani amejitaja mwenyewe. Sasa tazama hali ya siasa ya miaka ile. Mwaka 1957 Julius Nyerere alizuiwa kwa muda kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maneno yaliyochapishwa katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa serikali, akahukumiwa kulipa faini. Maneno yaliyoandikwa yana tarehe, yana jina la mwandishi, na hakimu aweza kuyashika mkononi. Wimbo wa fumbo, je? Shahidi atauleta vipi mahakamani, na mkalimani atamfasiria hakimu nini? Itambidi kwanza athibitishe kwamba ndege aliyeimbwa si ndege. Haisemwi hapa kwamba wanawake wa Kariakoo walikaa wakapanga hila hiyo dhidi ya sheria. Hawakuhitaji kuipanga, ndivyo walivyozoea kusema mambo mazito tangu zamani.

Hata hivyo si haki kuitukuza ngoma kupita kiasi. Fumbo lina mipaka ya watu walifumbualo. Bibi Titi alisafiri majimbo mengi pamoja na Nyerere na bila yeye, akafika mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya barazani kwa wanaume, lakini wanawake walizungumza lugha za kwao. Huko kijembe cha Kariakoo kisingemfikia mtu, na kanga yenye jina lililoandikwa pindoni ilikuwa nguo tu. Ilimpasa aseme wazi, kwa maneno mafupi, mara nyingine yakipita katika kinywa cha mkalimani. Yamkini ni hapo ambapo usemi wake ulipata sura iliyojulikana nchini kote, sura ya mtu asemaye moja kwa moja bila kuzunguka. Kilichobaki kutoka katika ngoma kilikuwa sauti, kuhesabu pumzi za watu, na ujasiri wa mwanamke kusimama mbele ya wengi bila kuona haya. Ujasiri huo si kitu kidogo. Mwanamke wa Kiislamu wa mjini aliyefunzwa kwamba sauti yake isisikiwe na wanaume wageni alikuwa na mahali pamoja tu ambapo desturi ilimruhusu kuipaza, nako ni ngomani.

Mambo yaliyofuata uhuru yanajulikana, na yatosha kuyataja kwa kifupi. UWT iliundwa mwaka 1962, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake. Akawa mbunge, tena waziri mdogo. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kuwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, hakukubali sharti hilo, akajiuzulu. Katika mji ambamo mwanamke asiye na elimu hakuwa na akiba nyingine ila vyumba vyake, msimamo huo wahitaji kueleweka hata na yule asiyekubaliana nao. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais alimwachilia. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg.

Ngoma zenyewe zilipatwa na msiba wa namna nyingine. Mwezi wa Desemba 1962 serikali iliunda wizara ya utamaduni wa taifa, na muda mfupi baadaye kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Ngoma zilizochaguliwa kuonyeshwa zilikuwa zile zilizohesabiwa kuwa za asili, kila moja na kabila lake. Ngoma ya wanawake wa mjini haikuwa na kabila. Ilikuwa na Wazaramo na Wamanyema katika mstari mmoja, iliimbwa kwa Kiswahili, ilivaa kanga za kiwandani, na cheo cha kiongozi wake huenda kilitoka katika jeshi la Kiingereza. Kwa hiyo sanaa iliyokuwa ya kitaifa kuliko zote, kwa lugha yake na kwa watu wake, ndiyo iliyokosa mahali katika utamaduni wa taifa. Hapana shaka kwamba jambo hili halikukusudiwa. Lilitokana na dhana kwamba kitu cha mjini ni cha kuiga, na cha kuiga si chetu. Chama tawala kilikuja kuukumbuka uimbaji wa wanawake baadaye sana: Tanzania One Theatre iliundwa mwaka 1992, vyama vingi vilipokuwa vinarudi, na mwimbaji kama Khadija Kopa, aliyetoka Zanzibar, akapata umaarufu mkubwa Dar es Salaam kwa taarabu ya mipasho. Mashindano ya siku hizo yaliwashangaza baadhi ya watu wenye adabu, waliodhani kwamba ni ufidhuli mpya. Bibi wa Mtaa wa Sikukuu au wa Narung'ombe asingeshangaa.

Linganisha sasa na Siti binti Saad wa Unguja. Siti aliimba katika sahani za santuri mwaka 1928 huko Bombay, na sauti yake ingali yasikika. Tena alipata mwandishi: Shaaban Robert alimwandikia wasifu kwa Kiswahili, na kwa wasifu huo Siti akaingia katika fasihi. Bibi Titi hakumpata Shaaban Robert wake. Aliyemsikiliza kwa makini alikuwa mwanahistoria wa Marekani, Susan Geiger, aliyemhoji mwaka 1984, pamoja na wanawake wengine wa TANU, na kutoa kitabu juu yao mwaka 1997. Kitabu hicho ni cha thamani kubwa, na kila mwenye kuandika juu ya habari hizi ana deni kwake. Lakini ni cha Kiingereza. Mwanamke ambaye sanaa yake yote ilikuwa katika Kiswahili alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maneno yake yakatoka katika matbaa yakiwa ya lugha nyingine. Msomaji wa Kiingereza hupata habari alizozieleza. Hapati kujua ni wapi alitumia fumbo na ni wapi alisema wazi, ni wapi alirudia neno kama kiitikio, ni wapi alichagua ngoma na ni wapi alichagua chama. Mambo hayo ndiyo hasa ambayo mwanafunzi wa lugha huyatafuta, na tafsiri iliyo bora haiwezi kuyahifadhi, kwa kuwa haikukusudiwa kuyahifadhi.

Kazi iliyobaki basi ni ya watu wa Kiswahili, nayo ina haraka. Waliocheza ngoma hizo wakiwa wasichana katika miaka ya 1950 ni wachache sasa, nao ni wazee sana. Binti zao na wajukuu zao wamo Ilala, Magomeni, Temeke na hata mbali zaidi, kwa maana nyumba za vyumba sita za Kariakoo zimebomolewa moja baada ya moja na mahali pake pamejengwa maghorofa ya maduka na stoo, na ua ambamo wimbo ulifundishwa umefunikwa kwa zege. Wimbo ambao haukuingia katika santuri unaweza kuwa umebaki katika harusi, umebadilishwa majina, ukiimbwa na watu wasiojua ulitoka katika ngoma gani. Anayetaka kuutafuta asianze kwa kuuliza nyimbo za siasa. Ataletewa zile za shule na za redio. Aulize nyimbo za kuozea, za kutoa mwali, na za kumsuta jirani, kisha asikilize ni kiitikio kipi kinachorudi. Vilevile aandike vipokezano vyote, si kimoja na alama ya kurudia.

Hata jina lake lastahili mstari mmoja katika daftari la mtafiti huyo. Mwenzake aliitwa Tatu binti Mzee, na mwimbaji wa Unguja aliitwa Siti binti Saad, kwa desturi ya pwani ya kumwita mwanamke kwa baba yake. Titi aliingia katika kumbukumbu za chama kama Titi Mohamed, bila binti, jinsi wanaume walivyoandikwa. Mbele yake likawekwa neno Bibi, ambalo katika magazeti ya wakati ule lilikuwa heshima ya mwanamke yeyote mzima, na ambalo kwa watoto wa mjini lina maana ya mama wa mama au wa baba. Siku TANU ilipomkabidhi idara ya wanawake alikuwa na miaka 29.